Siku Niliyopitisha Ndege ya Vita Burnt Forest

Sawa, nimewasikia. Kila nikipita hapo Kapseret mnanipigia mluzi. Mnaniuliza kama ni kweli nilibeba ndege ya vita kwa trela, na mbona tangu nirudi Barasa mwenye mdomo amekuwa Barasa bubu. Mmemuuliza hata Wafula, tanboi wangu, msaidizi wangu wa lori, naye amewaambia hiyo ni hadithi ya mwenyewe. Basi mwenyewe ndiye huyu. Mkifika mahali pa kucheka mcheke tu, kwa sababu mwanzoni mimi pia nilikuwa nacheka.

Nanyuki

Mambo ya vibali nitayaruka, hayana utamu. Jueni tu kwamba jeshi lilikuwa linastaafisha ndege zake za zamani za kushambulia, zile ndogo zenye pua kali ambazo tukiwa watoto zikipita tulikuwa tunalala chini katikati ya mahindi. Moja ilipewa chuo cha ufundi huku kwetu Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, wanafunzi wawe wanaifungua na kuifunga. Mwenye trela akanituma mimi nikailete.

Nilidhani nitakuta chuma kimetupwa kwa nyasi, kumbe nilikuta matanga. Injini zilikuwa zimetolewa. Mabawa yalikuwa yamefunguliwa na kulazwa ubavuni, yamefunikwa kwa blanketi za jeshi kama wagonjwa. Wanajeshi walisimama mistari miwili kutoka karakana hadi geti, na trela ilipoanza kusonga kila mmoja alinyoosha mkono akaigusa, vile watu hugusa jeneza. Mimi kwa usukani nikamwambia Wafula, "Ona watu wazima wanalilia sufuria."

Wafula hakucheka. Ni mzee kuliko mimi, na akinyamaza huwa najua nimekosea. Lakini kujua ni kitu kimoja na kufunga mdomo ni kingine.

Tulipewa mtu wa kuisindikiza, Sajenti Mutua, Mkamba mwembamba mwenye mvi. Alikuwa ameitengeneza ndege hiyo tangu akiwa kijana, na yeye mwenyewe alikuwa anastaafu mwezi huo huo. Alipanda pikapu ya mbele, ile yenye taa za kumulika, lakini kila tuliposimama alirudi nyuma kukagua kamba na kuipangusa pua kwa kitambaa.

"Sajenti," nikamuuliza, "hii kitu imewahi kuua watu?"

Alinitazama kwanza. "Kazi yake ilikuwa kuogopwa," akasema. "Nimeitengeneza maisha yangu yote ili mtu akisikia sauti yake aogope. Sasa nataka nione watoto wakiipanda bila kuogopa, halafu niende nyumbani nilime ndengu. Hiyo tu, Barasa."

Nikasema sawa. Nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Lingine lilikuwa ng'ambo ya barabara, ambako mtu alikuwa anageuza nyama kwa makaa.

Rumuruti mpaka Gilgil

Mzigo mpana hauendi haraka, na usiku hauruhusiwi barabarani. Tulitambaa. Punda walitupita. Mtu akibeba ndege ya vita kwa mwendo wa punda, kila kijiji kinatoka kumuuliza maswali, na hapo ndipo niliponogewa.

Rumuruti wachungaji walituzunguka na fimbo zao, wakauliza inaenda wapi. Nikawaambia inaenda Narok kufukuza wale ndege wadogo wanaokula ngano. Mmoja akatikisa kichwa akasema kweli serikali imeamka. Nilicheka mpaka Nyahururu. Huko tukalala, na jioni Wafula akagombana na mwenye hoteli kwa sababu aliletewa mukimo wa viazi na mahindi alipoagiza ugali. Yule mama akamwambia, "Kwani mukimo si chakula?" Wafula akamjibu ni chakula, lakini yeye alikuwa na njaa. Sajenti alikula sahani yake na ya Wafula.

Tulikuwa tushuke Subukia, lakini zile kona zilitushinda kwa urefu wa trela, ikabidi tuzunguke Ol Kalou. Hapo mzee mmoja wa viazi, amevaa koti la mvua na gambuti, alisimama kwa dirisha langu. Nikamwambia tajiri wa Moi's Bridge ameinunua ipulizie mahindi yake dawa ya viwavi.

"Ekari moja inakula mafuta kiasi gani?" akaniuliza.

"Inategemea na viwavi, Mzee."

"Akimaliza mahindi yake anaweza kukodisha? Mimi niko na viazi."

Nikamwahidi nitaongea na tajiri. Jamani, nilijiona bingwa. Mnanijua: hata nikibeba saruji, mtu akiniuliza humwambia nimebeba maiti ya mfalme. Ndiyo starehe yangu ya barabarani, maana mimi sinywi pombe wala sichezi kamari. Kila nilipowasha gari nilikuwa tayari natunga uongo wa mji unaofuata.

Gilgil tairi moja la trela lilipasuka, tukaweka spea. Msisahau hiyo spea.

Salgaa

Tulilala Salgaa, mahali ambapo madereva wote wa malori hulala. Asubuhi tulikula chapati na madondo, yale maharagwe ya mchuzi, na mhudumu alikuwa Mluhya mwenzetu, kwa hivyo alituongezea mchuzi bila kuombwa. Naye akauliza kuhusu ndege. Nikamwambia mhubiri fulani ameinunua ya kuwahi mikutano ya injili, maana dhambi zimekuwa nyingi na barabara zina foleni. Hoteli nzima ikacheka.

Tulipotoka nje Wafula akanishika mkono. "Barasa, mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Wewe umezeeka vibaya," nikamwambia. "Nimemdhuru nani?"

Mpaka hapo kweli nilikuwa sijamdhuru mtu. Na ningefika Eldoret hivyo hivyo, kama si lile tairi.

Timboroa

Kule juu Timboroa ukungu ulikuwa chini, na baridi ile ya kuuma masikio. Tukiwa kwenye mlima tairi la pili likapasuka. Spea hatuna. Sajenti akasema ataenda na pikapu mpaka Eldoret aje na tairi. Wakaondoka mbio, yeye na dereva wa pikapu, taa zinamulika, naye amevaa sare zake zote. Wafula akachukua panga, akakata matawi ya miti ya pale kando akaenda kuyapanga barabarani mbali nyuma yetu, ili wenye magari wajue mbele kuna gari limeharibika. Nikabaki mimi na ndege.

Na mama mmoja.

Alikuwa akiuza viazi vya kuchemsha na chai kando ya barabara, chini ya karatasi ya nailoni. Mama wa umri wa kuitwa nyanya, sweta ya buluu, kitambaa kichwani. Aliponiona natetemeka alinimiminia chai kutoka kwa chupa yake ya maua mekundu kabla sijasema lolote.

"Kunywa, baba. Hapa watu hufa na baridi wakijifanya wanaume."

Akaniambia anaitwa Mama Wairimu, anaishi Burnt Forest na wajukuu zake, na hupanda pikipiki kila asubuhi kuja huku kwa sababu kwao kila mtu anauza viazi. Chai ilikuwa nzito, tamu. Nikaisifu.

"Hiyo maziwa ni ya Kiptoo, jirani yangu," akasema, na uso wake ukafunguka. "Tumepakana ua. Kila asubuhi ananipitishia kwa mwanya, hata kabla kuku hawajatoka. Haweki maji yule mzee. Na mimi nikivuna viazi, gunia la kwanza linapita kwa huo mwanya kwenda kwake."

Halafu akaitazama ndege. Ilikuwa imelala pale kwenye ukungu, pua inatazama Eldoret.

"Na hii, baba, inapelekwa wapi?"

"Eldoret, Mama."

"Kuna nini Eldoret?"

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nimeshatumia ngano, nimetumia viwavi, nimetumia mhubiri. Nilitaka kitu kipya. Nikashusha sauti, nikakunja uso vile mtu anavyobeba habari kubwa.

"Kwani hujasikia? Kumechafuka. Ile kitu ya wakati ule imerudi. Sisi ni wa kwanza, zingine zinakuja nyuma."

Wakati ule. Hamhitaji niwaambie ni wakati gani. Mimi mwenyewe nilikuwa Eldoret baada ya ule uchaguzi, majirani walipogeukiana kwa kabila. Nilijificha ndani ya stoo ya mahindi nikisikiliza watu wakipita nje, sikujua ni wangu au ni wa nani. Mtu aliyepitia hayo angekata ulimi wake kwanza. Mimi nilisema, na nikasubiri acheke.

Hakucheka, na hakupiga kelele pia. Aliniuliza tu, "Na watoto, bado wako shule?" kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Akafuta mikono kwa aproni, akasimamisha pikipiki iliyokuwa inapita, akapanda. Aliacha sufuria ya viazi motoni. Aliacha vikombe, akaacha hata ile chupa ya chai.

Nilifungua mdomo nimwite. Naapa nilifungua. Halafu nikasema moyoni, wacha, atafika nyumbani aone ni mzaha, kesho atawasimulia watu acheke nao. Tena nikafikiri labda ameenda kuita wenzake waje kuona ndege. Nikaepua viazi vyake nikala viwili. Nawaambia hata hilo la viazi ili mjue mtu mliyenaye.

Wafula aliporudi aliuliza mwenye viazi ameenda wapi. Nikamwambia ameenda nyumbani mara moja. Matawi mengine yalikuwa yamebaki, na kile kitambaa chekundu cha kuonya magari, kilichofungwa mkiani mwa trela, kilikuwa kimechanwa na upepo, kwa hivyo nikafunga matawi mkiani. Yakanipendeza. Nikafunga mengine kwenye bampa na kwenye vioo, vile tunavyopamba magari wanariadha wetu wakitoka ng'ambo na medali. Nilitaka niingie Eldoret kama mtu aliyeshinda.

Sajenti alirudi na tairi uso umekunjamana.

"Kuna nini hapo Burnt Forest? Nikienda, watu walikuwa wananipungia mkono. Sasa narudi, maduka yamefungwa, watu wakiona gari hili wanakimbia. Kuna kitu kimesemwa huku?"

Wafula akanitazama mimi, hakumtazama Sajenti.

"Hapana, Sajenti," nikasema. "Sisi tulikuwa hapa tu na baridi yetu."

Tukaweka tairi. Kabla ya kuondoka nilikusanya vikombe na sufuria ya yule mama nikavificha vizuri chini ya nailoni yake. Chupa ya chai nikaiweka ndani ya kabini, nimpe njiani. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi ya kufanya.

Burnt Forest

Mnaijua Burnt Forest mchana. Mnajua kelele yake, akina mama wa kabeji na karoti wakikimbilia madirisha ya magari, mikokoteni ya viazi, kinu cha posho kikisaga unga tangu asubuhi. Siku hiyo niliingia pale nikasikia injini yangu peke yake. Vibanda vilikuwa vimefungwa, vingine nusu, nyanya zimeachwa juu ya meza. Kinu kilikuwa kimenyamaza. Watu walikuwapo, lakini walikuwa wamesimama makundi mawili, jamii hii upande huu wa lami na jamii ile upande ule. Asubuhi ya siku hiyo hiyo walikuwa wakiuziana mboga.

Katikati ya barabara alisimama chifu na wazee kadhaa, mikono juu. Nikasimamisha.

"Afande," chifu akamwambia Sajenti, aliyekuwa ameshuka kwenye pikapu, "tuambie ukweli. Eldoret kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimetoka huko sasa hivi."

"Basi hii ndege ni ya nini? Na hao wengine wanaokuja nyuma?"

"Wengine gani?"

Mimi nilikuwa bado nimekaa kwa usukani. Kulia kwangu kulikuwa na ua wa kanisa, na juu ya ua nikaona magodoro. Ndani kulikuwa na wanawake wamekaa kwenye nyasi na sufuria zao, kuku amefungwa miguu, watoto wakiwa na sare za shule na mabegi bado mgongoni. Karibu na ua, juu ya godoro lililoviringishwa, alikuwa amekaa Mama Wairimu, amewakumbatia wajukuu wake. Mbele yake alikuwa amechutama mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu. Dirisha langu lilikuwa wazi, nikawasikia.

"Mama Wairimu, ni mimi Kiptoo. Twende nyumbani. Hakuna kitu, nakuapia mbele ya hii kanisa."

"Hata wakati ule ulisema hakuna kitu."

"Wakati ule nilikuwa sijui."

"Na sasa unajua?"

Mzee angejibu nini? Alikuwa anasema kweli, na uongo wangu ulikuwa umeshakaa kwenye kiti chake. Alivua ile kofia, akaishika kwa mikono miwili, akabaki amechutama tu.

Nikafungua mlango nikashuka. Nikasimama mbele ya bampa langu la matawi, nikasema kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza maishani sikuipenda.

"Ni mimi. Nilimdanganya huyu mama kule Timboroa. Nilikuwa nafanya mzaha. Eldoret hakuna kitu. Ndege ni mzee, inaenda shule ya ufundi. Ni mimi peke yangu."

Halafu Sajenti, bila kunitazama, akapanda juu ya trela akafungua vile vifuniko vya ubavuni, mahali injini ilipokuwa. "Njooni muone wenyewe," akasema. "Wote, huku na huku."

Wakaja mmoja mmoja. Jamaa mmoja wa pikipiki akaingiza kichwa chote ndani, akapaza sauti, "Hakuna kitu! Ni kama debe!" Sauti yake ikarudi kwa mwangwi, na watu wakaangua kicheko. Kicheko cha watu waliokuwa wanatetemeka, mnakijua. Dakika chache baadaye makundi yalikuwa yamechanganyikana, wengine wanapiga picha na pua ya ndege, mabati ya vibanda yanafunguliwa. Chifu alinipa maneno yangu mbele ya wote. Aliniita mtu mzima ovyo, na nilimshukuru, kwa sababu kugombezwa kulikuwa kitulizo. Kijana mmoja hata alinipiga begani akasema, "Mzee, umetutoa jasho, lakini ilikuwa kali!" Wangenisamehe wote jioni hiyo kama ningewanunulia soda tu.

Lakini Mama Wairimu alikuja pia. Akachungulia ndani ya ndege kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Halafu akageuka akatazama bampa.

"Na haya matawi?"

"Ni ya sherehe, Mama. Kama ya wanariadha."

"Lori lililotutoa hapa wakati ule lilifungwa matawi hivi," akasema. "Dereva alisema yasipokuwepo hatutapita kwenye vizuizi."

Akaondoka. Niliyararua yale matawi yote kwa mikono, ya bampa, ya vioo, ya mkiani, waya zikinikata vidole. Nilipoinua kichwa nikamwona amerudi kwa ua anainua godoro lake. Mzee Kiptoo alikuwa ameshika upande wa pili.

"Lete nikubebee."

"Wacha, Kiptoo. Godoro nitabeba mwenyewe."

Akaliweka kichwani, wajukuu wakamshika sketi, wakashuka ile njia ya udongo. Mzee Kiptoo akawafuata nyuma kwa mbali kidogo, mikono mitupu, kofia bado hajaivaa. Niliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Nilitaka ardhi ipasuke nizame na trela yangu.

Eldoret

Sajenti alipanda na mimi kabini, hakurudi kwa pikapu. Nilingoja anitukane. Tulipita Cheptiret, tukapita mashamba ya mahindi. Tulipoona mabati ya mji ndipo akafungua mdomo.

"Maisha yangu yote nimeitengeneza, Barasa. Haijawahi kutisha watu kama leo. Na leo haina injini."

Kule chuoni walikuwa wametungoja tangu asubuhi. Kulikuwa na nyimbo, vigelegele, watoto wa shule za jirani wamepangwa mistari. Na mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Nyinyi mnajua, mimi ni mtu wa kutoka Lugari, huko Western, lakini nimeishi hapa miaka mingi nikitazama mashujaa wakishuka na kupewa kile kibuyu wanywe mbele ya watu, na siku zote nimesema moyoni, siku moja na mimi. Basi siku yangu ilifika. Mama mmoja mwenye shanga aliinua kibuyu akanipa wa kwanza, kabla ya Sajenti, kwa sababu ndiye niliyeileta.

Nilinywa funda moja likakataa kupita. Nikalishika mdomoni, macho yakanitoka machozi. Nilikuwa naonja yale maziwa ya Kiptoo.

"Woi!" yule mama akacheka. "Nyinyi watu wa Western hamuwezi hii kitu! Mpeni soda!"

Kila mtu akacheka, na mimi nikaacha waamini hivyo. Nikameza kwa nguvu, nikasogea nyuma ya trela.

Watoto waliipanda. Hilo lazima niseme, kwa haki ya Sajenti. Waliketi kwa kiti cha rubani wawili wawili, wakapiga makofi kwenye bati, na hakuna aliyeogopa. Sajenti alisimama pembeni na kile kitambaa chake, akitazama. Tulipoagana alinishika mkono lakini hakuukaza.

Kurudisha chupa

Ile chupa ya chai ilibaki kabini. Kila asubuhi nikiwasha gari ilikuwa inaniangalia na maua yake. Nilijaribu kumtuma Wafula airudishe, akaniambia, "Si mimi niliyekunywa." Basi Jumapili moja baada ya ibada ya alfajiri nikaenda Burnt Forest mwenyewe, na pikipiki, nikauliza kwa Mama Wairimu.

Nyumba ni ya mabati, safi, ua wa michongoma pande zote. Nilimkuta anachambua maharagwe. Alinijua mara moja. Hakunikaribisha ndani, hakunifukuza pia. Nikampa chupa kwa mikono miwili, nikapiga magoti pale kwenye udongo na suruali yangu ya kanisani, nikamwomba msamaha. Nilimwambia kila kitu, hata vile viazi viwili.

"Simama, utachafuka," akasema. "Nilikusamehe siku ile ile. Wewe ni mjinga, si mbaya."

Nilisimama. Hapo ndipo nilipoona ule ua wa upande wa jirani. Katikati yake palikuwa na mwanya wa upana wa mtu, udongo wake umekanyagwa mpaka ukawa mgumu na wa kung'aa. Na mwanya umejazwa miiba, matawi makubwa ya michongoma yaliyokatwa juzijuzi, majani yake yamekauka.

Tukiwa tumesimama hivyo, sauti ikaita kutoka upande wa barabara. "Hodi!" Alikuwa Mzee Kiptoo, na kimkebe cha maziwa. Alikuwa amezunguka mwendo wote ule, akapita kwenye geti kubwa, na hakuingia. Alikining'iniza kimkebe kwenye nguzo kama mtu wa kuleta maziwa mjini.

"Habari ya asubuhi, Mama Wairimu."

"Nzuri, Kiptoo. Asante. Watoto wako hawajambo?"

"Hawajambo."

Akanitazama mimi, akanijua, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Walisalimiana vizuri kabisa. Yaani ningekuwa mgeni nisiyejua, ningesema hawa watu wanaishi kwa heshima.

Sikuweza kuvumilia. Nikaona panga limechomekwa kwa ukuta, nikalichukua, nikaenda kwenye ule mwanya. "Mama, wacha nifungue. Nitaondoa hii miiba yote sasa hivi. Mimi ndiye niliyesababisha."

"Rudisha panga yangu."

"Mama, tafadhali..."

"Rudisha." Hakupaza sauti. "Si wewe uliyeziba. Niliziba kwa mikono yangu jioni ile, na Kiptoo amesimama upande ule ananiangalia. Hakusema kitu. Najua ni mtu mzuri. Nikilala najua, nikiamka najua. Lakini nilipoambiwa imerudi, sikumkimbilia yeye, nilimkimbia. Sasa yeye anajua hilo, na mimi najua anajua. Utakata hiyo na panga?"

Nikarudisha panga kwa ukuta.

Aliingia ndani, akatoka na ile chupa imejaa, akanimiminia kikombe. Chai ilikuwa nzito, tamu, vile vile. Niliinywa nimesimama, nikitazama miiba, na nilipomaliza alikipokea kikombe akakiosha papo hapo, akarudi kwa maharagwe yake.

Hiyo ndiyo safari yangu. Kwa hivyo mkiniona napita hapo Kapseret, msinipigie mluzi mkingoja kichekesho. Njooni kwa dirisha mniulize nimebeba nini. Nikiwa nimebeba mahindi, nitawaambia ni mahindi.